Kabuti la Anayetetemeka

Likasi, mwezi wa saba

Mdogo wangu Kaomba,

Kaka yako anakusalimu, akiomba Mungu karatasi hii ikukute mzima, na magoti ya mama yawe bado yanamfikisha kanisani. Sisi huku tunapumua, na siku hizi Likasi anayepumua haulizwi zaidi. Mama umsomee mpaka hapa tu, kisha ukunje useme nimeishiwa wino.

Uliniandikia hivi: "Kaka, nitafutie nafasi kwenye frigo. Baridi ni kitu cha kuzoea, hata wewe umezoea." Mjinga wewe. Tangu kiwanda kiache kutulipa, kila kitu mjini kimekufa isipokuwa umeme wa bwawa la Koni, na umeme huo ndio unaogandisha samaki wa patron, bosi wangu, mpaka katoni ikianguka inalia kama tofali. Mimi nafanya kazi ndani ya frigo hiyo, chumba cha barafu. Kwa kuwa unapenda kuzoea, acha nikufundishe.

Mwanzoni unatetemeka mpaka taya linauma. Vidole vinageuka vyeupe, mkojo unakubana, unalia bila aibu. Halafu mwili unajifunza ujanja. Vidole vikishakufa ganzi, damu inarudi yenyewe kwa fujo, vinakuwa vyekundu na moto, inaondoka, inarudi tena. Mwishowe kutetemeka kunakwisha. Siku hiyo nilijiona dume, nikawacheka wageni. Jioni Mama Odette, muuguzi jirani yetu, akanitia kipimo cha homa kwapani. Akakitazama, akakikung'uta, akanitia tena.

"Papa Kisimba," akasema, "mwili yako haishinde baridi. Ilichoka tu kulia. Weye unapola, uko baridi kupita bale banatetemeka."

Mazoea yana taabu, na patron wetu ameyatungia sheria. Wapagazi tuko sita, makabuti ni matatu, na kabuti ni la anayetetemeka. Ukiacha kutetemeka anakuvua mwenyewe. "Weye ulisha kuzobelea," anasema, "leta kabuti, tupatie mupya." Anaona hiyo ndiyo haki, hata anajisifu nayo mbele ya wageni.

Wenye akili tuligonga meno kwa uongo. Rafiki yangu Banza alikataa kuigiza, akavuliwa kabuti. Alikuwa na majivuno, tukamwita Mzungu, naye akafurahia jina. Mchana mmoja sisi tulitumwa stesheni kupokea mzigo, Banza akabaki ndani akipanga katoni. Patron akaenda kula, akafunga mlango kwa nje kama kawaida yake, maana anaogopa kuibiwa samaki. Chakula kilikuwa kitamu, inaonekana. Tuliporudi naye akafungua, Banza alikuwa ameketi juu ya katoni, kifua wazi, shati amelikunja vizuri kando. Mama Odette anasema mwishoni baridi hukudanganya kwamba unaungua. Tulimlaza juani kwanza, kwa sababu mikono yake iliyoganda ilikataa kushuka na fundi alikuwa ameshapiga misumari ya sanduku kwa kipimo cha kawaida.

"Alikufa na usingizi," patron akasema. Alipomaliza kusema akanigeukia. "Kisimba, nafasi iko. Uliniambiaka uko na mudogo yako kule Moba. Mwite akuye."

Kaomba, nakujua. Tangu utoto ukikatazwa kitu ndipo unakikimbilia. Ningekuandikia tu usije, ungepanda lori la kwanza. Nikamtazama patron usoni.

"Patron, mudogo yangu alikufa."

"Alikufa na nini?"

"Na baridi."

Akanipa siku mbili za kilio. Nilidhani mambo yataishia hapo, lakini nilisahau watu wetu. Kabla sijafika nyumbani habari zilikuwa zimeshatangulia, wanawake wa mtaa wamekaa chini uani wanakulilia, moto wa kilio umewashwa, unga umechangwa na watu ambao wenyewe hawajala. Kwaya ya parokia ilikuimbia. Mjane wa Banza, ambaye hajamaliza kilio chake, alikuja kunishika mkono. Ningewaambia nini? Nikalia. Nilianza kwa uongo, nikamaliza kwa kweli, maana niliona wazi kwamba ningekuita, ni haohao wangekuja, na kiti chako kingekuwa katoni ileile ya Banza. Nilikulilia mpaka wakanishika mabega.

Basi ufahamu hali yako. Ukionekana Likasi, mimi ni mwongo niliyekula unga wa maskini kwa maiti aliye hai, na patron atanifukuza siku hiyohiyo. Hasira zako nimezipokea tangu sasa. Kaa Moba, uvue, ulime, ugombane na mkeo.

Nisalimie shangazi muuza dagaa, na mjomba katekista, ila yeye usimwambie chochote, ataanza kukuombea misa. Mkeo mwambie akutunze. Mama mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi kaka yako niliyekuzika,

Kisimba