Dirisha Lililobaki Wazi

Kasos, 14 Mei 1957

Kwako kaka yangu mpendwa Pandelis,

Kabla ya salamu, nakuomba ufunge mlango, na ukimaliza kusoma uichome karatasi hii. Hata mama asijue neno. Natumaini hujambo wewe na shemeji, na kikohozi cha mama kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka kama mtu aliyebeba nanga mgongoni.

Nilipowaaga nilisema naenda likizo. Si kweli. Ofisi yetu ya meli hapo Pirea ilinituma kisiwani huku kwa Mama Kaliroi, nimwambie kwamba mwanawe Isidoros, fundi wa mitambo, alifariki kwa homa safarini na amezikwa Brazili. Mimi ndiye karani mdogo kuliko wote. Hakuna aliyegombea kazi hiyo.

Hapa kila nyumba ina mtu wake baharini. Kijana mwenye tai na mkoba akishuka melini, wanajua amebeba nini. Nilipokuwa nikipanda kijijini nilisikia madirisha yakifungwa mbele yangu, moja baada ya jingine, kila mwanamke akiomba nimpite. Mzee mmoja mkahawani akanipigia kelele, "We kunguru wa Pirea, pita hivyo hivyo, sisi tumeshalia zamu yetu!" Wenzake walicheka, macho chini.

Mama Kaliroi hakufunga. Alisimama dirishani, mikono imejaa unga, akaniuliza, "Mwanangu, ni kwangu?"

Kaka, hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia Isidoros anamsalimu, na kwamba atarudi kabla ya mavuno ya zabibu.

Leo ni siku ya tisa. Amenilaza kwenye kitanda cha mwanawe. Ananilisha wali uliofungwa katika majani ya mzabibu, akinitania kwamba makarani wa Pirea bila shaka hula wino, ndiyo maana tumekonda. Kila asubuhi ananitaka nirudie zile salamu, nami kila asubuhi naongeza neno. Jana alianza kuipaka nyumba chokaa, ili kumpokea mwanawe.

Njoo wewe, uliyemweleza mama habari za kifo cha baba. Nitasimama kando yako. Neno la kwanza tu ndilo linalonishinda.

Mbusu mama mkono kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Argyris

Panda meli ya Alhamisi. Usihangaike kuvua tai, watakujua tu. Usiulize njia, hawatakujibu. Fuata ngazi za kanisa, na wakifunga madirisha usisimame. Nyumba yake ni ile itakayobaki wazi.