Bashi yenye tulishusha ku matanga yako

Muzee Bauma,

Ni mi, Janvier wa ku atelie yako ya mbao. Unajua ku masomo sikufika mbali, na kusema mbele ya batu inanishindaka, basi nakuandikia. Huku mu barua hauko wa kuniambia niinue sauti.

Tangu ulienda, avenyu yetu ingali vile uliiacha. Huku juu, batu yenu, benye balitoka Masisi. Kule chini, sisi benye mama zetu banasema Kinyarwanda. Atelie katikati. Unakumbuka vile kura inapikwaka kwetu: siku ya Mungu, kisha ibada, ba juu banakutana, banatoka na jina moja. "Huyu njo mutoto ya kwetu." Chini ni vile vile. Kesho yake kila nyumba iko na picha ya kandida wake ku mulango, na hakuna mwenye anauliza huyo mutu alishafanya nini.

Wewe tu haukuweka picha. Triko za kampanye, zenye sura za ba kandida, ulikuwa unapokea zote, za juu na za chini, tunapangusia verni ya vitanda. Bakikuuliza utachagua nani, unajibu: "Ule mwenye atanirudishia nyundo yangu." Batu banacheka, banaikala. Ku mabenchi yetu njo ilikuwa fasi moja tu kwenye juu na chini banakunywa chai moja, ile ya Mama Furaha wa kule chini.

Kisha ukakufa, kampanye ikiwa katikati.

Maiti yako ilikuwa ingali ku hospitali, batu ya kandida wa juu bakafika na pikap. Viti, sanduku ya maiti ya kungaa, na bashi kubwa ya kukinga mvua, yenye sura yake. Anacheka. Uliona wapi mutu anacheka ku matanga? Mudogo wako, Papa Justin, akabashukuru sana. Bakaifunga pale mbele ya mulango ya atelie.

Nilikuwa nimesimama kando ya mbao. Nikaona Mama Furaha anapanda, sufuria ya maharagi ku kichwa, kikwembe ya kilio ku kiuno. Akafika pa kona, akaangalia ile bashi, akasimama. Nikamukimbilia. Akaniambia pole pole: "Nikiikala chini ya ile sura, kesho kwetu batasema nimeuza kura. Umuambie muzee nilifika." Akageuka. Nyuma yake bengine balikuwa banakuja. Nao bakageuka.

Muzee, nilisikia ni kama banakupasua na musumeno katikati.

Nikaingia mu nyumba. Mama Esperance, bibi yako, alikuwa ku mukeka na bamama ya kanisa. Nikasema: "Mama, ile bashi inafukuza batu ya muzee." Papa Justin akaniangalia. "Wewe mutoto ya kule chini, njo unakuja kutufundisha kuzika? Yako ni nini hapa?"

Ni Mama Esperance njo alijibu, na hakuinua hata kichwa. "Myaka yote, huyu njo alikuwa anashika ule upande mwengine ya mbao. Muishushe ile bashi."

Bakashusha. Batu ya kandida bakakasirika, bakarudisha yote, mpaka viti, mpaka sanduku. Nikachukua mbao za ule mulango tulikuwa tumeanza pamoja, nikatengeneza sanduku yako peke yangu. Kule ku miguu kifuniko haikulala muzuri. Wewe ungesema bomoa, anza tena.

Mama Furaha na bengine bakarudi, batu bakaikala juu ya vitanda zenye hazijauzwa, ba juu na ba chini, bega kwa bega. Mvua ikatupiga. Hakuna mwenye alitoka.

Nilizania kura itabadilika. Haikubadilika. Juu balichagua wa kwao, chini balichagua wa kwao. Mi nilichagua mara yangu ya kwanza, ile mashini ya kura ikanisumbua mpaka nikatoka jasho. Sitakuambia nani, sababu wewe ulisema kura ni kama kuoga, mutu anaingia peke yake.

Kisha vita ikaingia mu mji. Benye tulichagua, wa juu na wa chini, hatubaone tena. Picha zao mvua imezichuna ku milango. Sisi benye tulinuniana juu yao njo tumebakia hapa, tunaombana maji. Juzi Papa Justin alileta kitanda yake nitengeneze. Alinishikia mbao wakati nilikuwa nakata.

Nakuacha hapa, muzee, Mama Esperance ananiita kula. Nakuahidi neno moja. Siku bataturudishia kura, kama batairudisha, nitaamuka asubui, nichukue Mama Esperance hapa, tushuke tuchukue Mama Furaha, nibasimamishe mu mulolongo moja. Kila mumoja aingie na mutu yake mu roho. Lakini tutaenda pamoja, na tutarudi pamoja.

Ulale muzuri.

Janvier