Mvua Niliyoiandikia Saa Sita

Jumamosi, jioni. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, hata nyumba ya jirani siioni. Nguo nilizofua juzi bado mbichi. Mimi ni mtu wa Singida jamani, nani alinileta huku?

Ajira, nani mwingine. Nilipangiwa kufundisha kompyuta sekondari, kule Lufingo, nikapata chumba hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu mjini. Ijumaa tukishatawanyika shuleni, naweza kufika Jumatatu sijaongea na mtu zaidi ya muuza vocha.

Isipokuwa Mama Atupele.

Ndiye mwenye nyumba wangu, mjane, anakaa nyumba ya mbele. Kila asubuhi alikuwa ananigongea: "Mwalimu, hebu tazama kwenye simu, leo inanyesha saa ngapi?" Natazama, namjibu, naye anakaa kizingitini na kuanza: kuku wake, wakwe zake, kwaya ya kanisani. Nilikuwa nachelewa shule huku nacheka.

Mimi na ujuaji wangu nikaona nimrahisishie. Nikaandika programu. Inachota utabiri mtandaoni, ambao huja kama rundo la namba na mabano, inauchambua, inatoa joto na saa za mvua, inavipanga kwa Kiswahili cha kueleweka, kisha alfajiri inamtumia ujumbe yenyewe. "Shikamoo Mama. Leo mvua saa nane mchana. Usisahau mwavuli." Nilijisifu kweli kweli.

Akaacha kugonga.

Si kosa lake. Angegonga kuuliza nini, na jibu analo? Nilikuwa namsikia uani akiusoma ujumbe kwa sauti, halafu anasema "Ndaga, mwalimu," anaishukuru simu, mimi nimo ndani na chai yangu. Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia: iliniuma.

Leo ujumbe ulisema mvua saa sita mchana, baada ya hapo kukavu. Mama akasubiri. Saa sita ikapita bila tone. Akajua imeghairi, akaanika maharage yake yote uani, akaenda mazoezi ya kwaya. Saa tisa ikashuka mvua yenyewe, ile ya Tukuyu isiyopiga hodi.

Mimi nilikuwa nimelala. Nilishtushwa na mlango, unagongwa utadhani unavunjwa.

"Mwalimu we! Simu yako imenidanganya! Toka tubebe!"

Tukabeba, tumelowa chapachapa. Tukayatandaza maharage jikoni kwake, karibu na moto, tukawa tunayageuza kwa mikono. Alinigombeza muda wote. Alinigombeza huku ananimiminia chai na kunisukumia magimbi. Kwa nini nimekonda hivi, kwa nini sioi. Kisha akashusha sauti, akasema alijua nimechoka kugongewa kila siku, ndiyo maana nikaiachia simu imjibu.

Nikalirudisha gimbi sahanini.

Mama wa watu! Kumbe alikuwa upande wa pili wa ua, anadhani amenichosha.

Nimerudi chumbani, kosa nimeliona. Utabiri unakuja kwa saa za Greenwich, ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Nikapunguza sita ili nipate saa tunazohesabu sisi, nikasahau kuongeza kwanza zile tatu. Masika yote hakuna aliyeshtuka, maana Tukuyu wakati wa masika ukitaja saa yoyote hukosi. Ni mstari mmoja tu, nimeshaurekebisha.

Halafu nimeifuta namba ya Mama Atupele kwenye programu.

Kesho kabla hajatoka kwenda kanisani nitaenda kumgongea mimi. Akiniuliza inanyesha saa ngapi, nitamwambia sijui Mama, nisogezee kigoda tutazame wote.