Nusu Miwani

Jumatatu, 6 Septemba 1954
Nimechambua maharage, nimefua, nimepiga pasi shati la Eliakimu mara mbili. Situlii. Jumatatu ijayo mume wangu anaanza kuendesha lori la kahawa, kutoka huku mlimani hadi Same. Mwenye lori keshamkabidhi ufunguo. Anatembea nao mfukoni mwa shati, anaugusa kila saa. Mimi zile kona nazijua. Naogopa.

Alhamisi, 9 Septemba
Kesho sinema shuleni. Picha zinatoka ukutani, wanasema. Lazima uvae miwani ya karatasi, jicho moja jekundu, jingine kijani. Haitoshi watu. Mzee Mbwambo, msimamizi wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, akasema wote tuliotoka kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, tulifanya kazi sawa, basi tugawane sawa. Akachukua mkasi akaikata yote katikati, kila mtu jicho lake. Hakuna aliyembishia. Hata mimi nilishukuru kupata kipande changu.

Ijumaa, 10 Septemba
Aibu tupu. Mablanketi madirishani, watu tumebanana, na hakuna kilichotoka ukutani. Kijana wa sinema, mtu wa Moshi, alishika kichwa. Akaeleza kwamba picha pale ni mbili, zimepigwa kwa kuachana kidogo kama macho yetu yalivyoachana. Kila rangi inaliachia jicho lake picha moja na kuizuia nyingine. Akili inaziunganisha, ndipo unaona kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Jicho moja peke yake haliwezi. Mzee Mbwambo akamwuliza kwa nini hakusema mapema.

Watu walinung'unika mpaka nje. Eliakimu tu ndiye aliyesema picha ilikuwa nzuri. Nikamwona mpole.

Nimejitolea kuishona miwani, kila jekundu na kijani chake. Kesho tunaonyeshwa tena, kwa zamu.

Jumamosi, 11 Septemba
Vidole vinauma. Zamu yetu ilipofika nilikaa kulia kwa Eliakimu. Hupenda niwe upande huo. Fundi mmoja kwenye picha akageuka na ngazi begani, ncha ikanijia puani. Nikainama. Benchi zima likainama, Mzee Mbwambo akaangusha kofia. Eliakimu alikaa wima. Akaniuliza tunakwepa nini.

Tulipofika nyumbani nilimziba jicho la kulia kwa kiganja, nikamwuliza nimeinua vidole vingapi. Akakiondoa kiganja changu.

"Ni surua ya utotoni, ililiua la kushoto," akasema. "Nilidhani moja linatosha."

"Kwa kona zile halitoshi. Usiende, Eliakimu."

Alitoka na ufunguo wake bila kunitazama. Miaka yote anautaka usukani. Naichukia sinema. Nauchukia mkasi na sindano. Najichukia kwa kumhesabisha vidole.

Jumapili, 12 Septemba
Alirudi usiku, akala, akalala. Asubuhi alipita kwa mwenye lori kabla ya ibada. Sikumwuliza. Mfuko wa shati lake hauna kitu.

Siku zote nilidhani kuniweka kulia ni mazoea tu. Kumbe ndiko anakoniona.

Leo njiani kwenda kanisani nimetembea kushoto kwake, upande wa bonde. Alisita kidogo. Kisha akaunyoosha mkono, akaupapasa wangu mpaka akaupata.