Alama Nilizompa Hakimu wa Korido Yetu

Ijumaa, mwezi wa nane, 2014. Jebel Ali, Dubai.

Leo joto lina maji ndani yake. Nimetoka mlangoni mwa kambi, miwani ikapata ukungu, nikasimama pale kama mtu anayemsubiri mgeni.

Simsubiri mtu.

Sisi walinzi wa ghorofa ya pili tuna hakimu wetu. Kampuni haijui, na ikijua itasema haijui. Waganda ndio walioleta utaratibu huu kutoka vijijini kwao, ambako baraza la mtaa huamua kesi ndogo ndogo. Kila baada ya miezi sita wagombea wanasimama koridoni, nasi tunajipanga mstari nyuma ya yule tunayemtaka. Mstari mrefu ndio ushindi. Hakuna karatasi wala siri. Unayemnyima kura anautazama mgongo wako ukielekea kwa mwenzake.

Kwa mihula miwili hakimu ni Mzee Kizito, mtu wa Masaka, analinda ghala la matairi. Husikiliza kesi Ijumaa baada ya sala, kwenye chumba cha kupigia pasi. Kesi zenyewe ni kamba ya kuanikia nguo, kandambili zilizohama chumba, mtu anayeongea na mke wake kwa spika wenzake wamelala. Adhabu yake ni moja tu: kutosalimiwa wala kusemeshwa.

Unaweza kucheka. Lakini mimi husimama kwa saa kumi na mbili mlangoni mwa mnara mmoja kule JLT, mtaa wa maghorofa, nawafungulia watu, na wengi hupita kama vile mlango umefunguka wenyewe. Salamu ninazopata kwa siku ni hizi za korido. "Katibu, umeshindaje?" Basi. Ukinyang'anywa hizo, unabaki na sauti yako mwenyewe, na hata hiyo unaisikia kwa mashaka.

Wananiita Katibu kwa ajili ya daftari langu. Niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Kwa hiyo uchaguzi wa safari hii ulipokaribia, na Wakenya wakasema tusijipange tena kwa mazoea, hakimu apimwe kwanza, vichwa vyote vikanigeukia. Nilijifanya nakataa.

Nikatunga vipimo vinne. Anafika kwa wakati? Anasikiliza pande zote mbili? Anauliza kama kuna aliyeona? Anaeleza sababu ya hukumu? Miezi miwili nimekaa pembeni ya meza ya pasi, nikiweka vema na makosa kama mwalimu wa hesabu.

Sikujua kwamba kalamu inafukuza watu. Nikiingia jikoni, hadithi inakatikia njiani. Hata Mzee Kizito, aliyekuwa akinigongea kila Jumamosi kwa chai ya tangawizi, aliacha. Alisema hakimu na anayempima wasinywe birika moja mpaka uchaguzi upite. Nilimpa vema kwa hilo. Chai nikanywa peke yangu.

Halafu ikaja kesi ya maharage.

Musa, Mganda, alimshtaki Wanyonyi, Mkenya wa Bungoma, kwamba aliitoa sufuria yake ya maharage motoni akabandika ugali wake. Kwetu kuruka foleni ya jiko ni kosa kubwa kuliko tusi. Wanyonyi akajitetea kwamba maji yalikuwa yamekauka, maharage yanaungua, aliipua kuyaokoa.

"Uliokoa maharage yangu kwa kupika ugali wako?" Musa akauliza. Chumba kizima kikacheka.

"Jiko lilikuwa wazi, bwana. Ningeliangalia tu?"

Sufuria ilikuwa imeshasuguliwa. Mzee Kizito akaipindua, akachungulia ndani. "Hii haina la kusema." Akampa Wanyonyi siku kumi na nne.

Hakuuliza kama kuna aliyeona.

Na mimi niliona. Nilikuwa nyuma ya friji, nimekalia ndoo, naandika. Nilinusa yakiungua. Nilimwona Wanyonyi akiipua sufuria, akaiweka chini taratibu, akapuliza vidole. Yeye hakuniona.

Mle ndani ya chumba cha pasi nilifanya nini? Niliweka kosa kwenye kipimo cha tatu, nikajiona nimemnasa hakimu. Nilijiambia anayepima hapaswi kuingilia kesi. Maneno mazuri, nadhani niliyasoma mahali. Ukweli ni kwamba nililifurahia lile kosa. Lilikaa vizuri kwenye ukurasa.

Kwa siku saba nimemtazama Wanyonyi. Kwenye basi la kazini anakaa mbele kabisa, karibu na dereva Mnepali. Hawana lugha ya pamoja, wanaonyeshana picha za ng'ombe kwenye simu. Juzi nilimsikia bafuni akijisalimia kwa Kibukusu, kisha akijijibu.

Leo baada ya sala nikasoma ripoti. Nilipofika kipimo cha tatu nikasema kesi ya maharage ilikuwa na shahidi, na hakuulizwa.

Mzee Kizito akavua miwani. "Shahidi gani, bwana ssebo?"

Hapo ningeweza kusema nimesikia tu.

"Ni mimi, Mzee. Yalikuwa yanaungua kweli."

"Na siku ile ulikuwa umekaa hapo?"

"Hapa hapa. Na kalamu."

"Yalla, Katibu amejishtaki!" mtu akasema kule nyuma. Kicheko hakikufika mbali.

Mzee Kizito alisimama akamwomba Wanyonyi radhi mbele ya wote, akafuta siku saba zilizobaki. Zile saba za kwanza hakuna wa kuzirudisha. Kisha tukajipanga. Mimi nilisimama kwa Mzee Kizito, na aliyekuwa mbele yangu mstarini alikuwa Wanyonyi. Sikuuona uso wake, niliona shingo tu. Mzee akamshinda mpinzani wake kwa tofauti ya watu wawili.

Kesi yake ya kwanza ikawa yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaangaza chumba. "Kuna mwingine aliyeona kitu, hajasema?" Hakuna. Akaeleza: mtu aliyenyamaza mwenzake akinyimwa salamu, naye aonje huo unyamavu.

"Katibu, siku saba."

Sasa nimekaa kitandani, mlango wazi. Wanyonyi amepita, amesita kidogo, amekaza macho ukutani, akaenda zake. Anaitii sheria kuliko sisi wote. Au ana hasira. Kwa wiki nzima sina namna ya kumuuliza.

Nimefungua daftari, nikaipima kesi ya mwisho. Wakati, vema. Pande zote, vema. Aliyeona, vema. Sababu, vema. Ni hukumu safi kuliko zote nilizopima kwenye korido hii, na sina wa kumwambia.

Hiyo ni siku ya kwanza. Zimebaki sita.