Sahani ya Agata

Mama,

Barua hii naianza bila shikamoo. Adabu uliyonifunza sijaisahau. Sina uso wa kukuamkia.

Tumehama. Wote tumeletwa huku Mgori, kwenye kijiji cha ujamaa, na kaburi lako limebaki kule mahame, majani yamelizunguka. Kanisa jipya tumelijenga wenyewe. Kwa kuwa kibao cha ofisi ya kijiji niliandika mimi, nikapewa ukuta wa mbele nichore. Nikamchagua Mtakatifu Agata, yule msichana wa zamani aliyekatwa matiti kwa kukataa kumwacha Bwana Yesu.

Uliniomba mwenyewe kabla hujafa. Ulikuwa huwezi tena kushika mchi, na kanga umeifunga hadi shingoni jua likiwaka, majirani wasijue titi lako linaoza. Ulisema, "Mchore na sahani yake, mwanangu. Wanawake waone hata mtakatifu alipatwa na haya. Mimi nimeficha mpaka nimechelewa."

Nilimchora vizuri, Mama. Kanzu kwa udongo mwekundu, nywele kwa mkaa, na uso nikampa wako. Mkononi sahani, juu yake matiti mawili, kama alivyo kwenye kitabu cha katekista. Jumapili vijana wakacheka. Mjomba akanivuta pembeni: "Wewe, unamvua nguo mama yako mbele ya watu?" Nikatamani ardhi inimeze. Kesho yake nikachukua chokaa, nikayageuza yakawa matonge mawili ya ugali, na mvuke juu.

Sasa wanampenda mno. Wanamwita Mama Ugali. Akina mama wanamwekea mtama miguuni waombe mvua, na mwenyekiti kasema huyo ndiye mtakatifu wa ujamaa hasa. Nasifiwa, naitikia tu.

Jumapili iliyopita Mama Neema, jirani yetu, alibaki nyuma watu walipotoka. Joto kali, naye kanga hadi shingoni. Aliutazama ukuta, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii sahani mwanzoni si ilikuwa na kitu kingine?"

Nilijua anauliza nini. Nikamjibu, "Hapana, mama. Ni ugali tu."

Akasema, "Haya," akaikaza kanga, akaenda zake.

Naona aibu, Mama. Siyo ile ya vijana kucheka, hiyo ilipita. Naona aibu kwamba ulinipa neno moja la kuwaambia wanawake wenzako, na alipokuja anayelihitaji nikampa ugali.

Kesho naikwangua ile chokaa ukutani. Mjomba akinuna, anune. Nitamwita Mama Neema kabla ya mtu mwingine yeyote, nimwambie sahani ina nini na wewe ulikufa kwa nini, kisha nimpakie kwenye baiskeli hadi hospitali mjini. Nakuahidi hilo. Nikishamfikisha, nitapitia mahame nipalilie kaburi lako.

Hapo ndipo nitakuamkia.

Mwanao