Salamu Yangu Imebaki kwa Wauza Friji

Ijumaa, Johannesburg. Baridi kavu ya Julai.

Jua limewaka tangu asubuhi na halikupasha kitu. Midomo imenipasuka, ngozi ya mikono imekauka, na roho imenichafuka. Naandika nimejifunika blanketi mbili hapa chumbani kwangu Troyeville, na ladha ya ile keki bado iko mdomoni. Nimepiga mswaki, haijatoka.

Leo nimekula keki ya msiba.

Kitengo chetu cha kompyuta kimekufa leo rasmi, na wakubwa wakaona marehemu azikwe kwa keki. Imetengenezwa umbo la laptop, vibonye vyote vya krimu, nembo ya kampuni kwa rangi ya buluu inayoganda kwenye meno. Meneja wetu, Bronwyn, akaikata kwenye kioo, akajipigia makofi, akatwambia tule kwa furaha maana tumeandika historia. Watu wazima tumefukuzwa kazi, tumesimama na visahani vya karatasi tunatafuna kibodi.

Nyoo! Historia.

Nieleze kazi yenyewe, maana huenda anayesoma hapa hanijui. Nilikuwa napokea simu. Kampuni hii ni ya redio, televisheni na friji, na jina lake silitaji kwa sababu sitaki kulitangazia biashara hata kwa kulitukana. Miaka ya nyuma iliamua kutengeneza na kompyuta. Mteja wa Afrika Mashariki akipata shida alipiga namba moja, simu ikaja kulia huku Johannesburg, kwenye ofisi zao za Midrand. Za Tanzania na Kenya nilipokea mimi, mtu wa Tanga. Za Kongo na Burundi alipokea mwenzangu Esperanse, mtu wa Bukavu.

Mwanzoni zilikuwa kompyuta kweli, tuseme haki. Nzito, sikatai, ukiipakata mapaja yanakufa ganzi. Lakini bawaba zake zilikuwa za chuma, na ikidondoka unaiokota, unaifuta vumbi, unaendelea kuchapa. Na jina lilikuwa limeingia majumbani zamani. Kwetu Tanga bibi gani hakuwa na redio yao juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma? Mtu alipoliona jina lile kwenye kompyuta hakuuliza mara mbili.

Ila kilichowauzia zaidi, na hili huwasikii wakilisema, ni salamu.

Kwetu mtu hapigi simu akaanza na shida yake. Nilikuwa napokea, nasema, "Hujambo? Habari za nyumbani?" halafu nanyamaza. Mteja ananipa habari. Mvua imegoma, mtoto kaanza shule, mgonjwa kapata nafuu. Ndipo tunafika kwenye chaja isiyoshika. Wakubwa wakakereka, wakasema simu zangu ndefu. Baadaye wakaona watu walewale wanarudi kununua, na wanawatuma ndugu zao wamuulizie yule dada wa Sauzi. Basi wakanisifia mbele za watu, wakanipa cheti, wakanipiga picha nimesimama na Bronwyn.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nao wakaanza kulitia maji. Bawaba za chuma zikawa za plastiki. Betri ikagandishwa kwa gundi, fundi akitaka kuitoa lazima avunje kitu. Kompyuta ikawa nyembamba, ya kupendeza dukani, na baada ya miezi michache kioo kinaning'inia kama sikio la mbuzi. Mabango barabarani yakazidi kuwa makubwa. Sisi kwenye simu tukaambiwa tumwambie mteja kwamba ameifungua vibaya.

Ameifungua vibaya! Mwalimu wa Muheza, mtu na heshima zake, nimwambie hajui kufungua kompyuta yake mwenyewe. Na nilisema. Nilisema kwa sauti tamu, nikiona kinyaa, na nikikata simu nasonya mpaka Esperanse anageuka kunitazama.

Sasa nifike kwa Shangazi, maana ndiye aliyenikosesha usingizi kabla hata sijalala.

Shangazi Mwanaidi ndiye aliyenilea. Ana steshenari yake Ngamiani, pale Tanga, kichumba cha kuchapa barua, kuprinti, na kuwajazia vijana maombi ya chuo mtandaoni. Kichumba hicho ndicho kilichonisomesha, na mpaka leo ndicho kinachomweka mjini. Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa ya kampuni hii, ile nzito ya mwanzo. Mwaka jana alitaka kuongeza mbili, akaniuliza achukue zipi. Zile nyembamba zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka, malalamiko yalikuwa hayajaanza kuingia. Nikamwambia, "Chukua zetu, Shangazi. Mimi nipo huku."

Ninavyomjua, alinunua hilo "nipo huku". Kompyuta zilikuwa nyongeza tu.

Ya kwanza katika zile mbili ilikufa mapema mwaka huu. Cha ajabu, Shangazi ana namba yangu, kila Jumapili tunaongea, lakini habari za kompyuta hakunipigia kwangu hata siku moja. Alipiga namba ya kampuni kama mteja yeyote. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, akasema, "Wakubwa wako wazisikie simu zinaita, wajue una kazi." Mtu kaharibikiwa na chombo chake, waranti iko hai, na bado anawaza ajira yangu. Spea, wakubwa wakaniahidi zinakuja. Niliwafuata mpaka nikaonekana kero. Hazikuja, na sasa hazitakuja.

Mkubwa wa wakubwa alitutokea kwenye skrini kubwa wiki mbili zilizopita, akiwa huko ng'ambo, amevaa sweta zuri. Akasema wanaacha kompyuta, wanarudi jikoni, maana jikoni ndiko ulipo moyo wa kampuni. Hakutaja walionunua. Hakuwataja hata kwa bahati mbaya.

Jumanne Bronwyn akaniita. Akasema laini ya simu itabaki kwa muda, ila hakutakuwa na mtu, kutakuwa na ujumbe uliorekodiwa, na wa Kiswahili angependa niuseme mimi. Akasema sauti yangu ndiyo sura ya kampuni kule kwetu. Nilivimba kichwa, sitaficha. Akaniambia pia kwamba ujumbe utawaelekeza wateja kwenye tovuti, na huko watahudumiwa hadi waranti zao ziishe. Nikaamini. Nilimwamini kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Esperanse waliyemwomba arekodi Kifaransa alikataa palepale. Yeye huimba kwaya kanisani Hillbrow, sauti yake anaiheshimu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Dada, sauti yangu haiwezi bakia fasi mi siko." Yaani haiwezi kubaki mahali ambapo yeye hayupo. Nikamcheka. Nikamwambia ni ujumbe tu.

Nikaingia kwenye kile chumba chenye kuta za sponji. Nikasema kama nisemavyo kila siku, "Hujambo? Habari za nyumbani?" halafu nikanyamaza. Sikupanga kunyamaza. Ulimi wenyewe unajua pa kungoja. Kisha nikamalizia maneno waliyoniandikia, kwamba kitengo kimefunga ukurasa lakini mteja bado ni wa familia yetu, atembelee tovuti, na tunamtakia siku njema. Fundi wa sauti akauliza kama akikate kile kimya baada ya salamu. Bronwyn akasema kiachwe, kinapendeza, kinakuwa kama vile kuna mtu.

Kama vile kuna mtu.

Leo asubuhi wakauwasha ujumbe tukiwa bado tumekaa vitini. Simu mbele yangu ikanyamaza. Nikaona niingie kwenye ile tovuti nijue wateja wangu wanapelekwa wapi. Ikafunguka. Friji. Friji ya milango miwili, ya kutoa barafu, nyuma yake familia inacheka. Nikatafuta neno kompyuta kote, juu mpaka chini. Halipo, kana kwamba hawajawahi kutengeneza hata moja. Nikamwita Esperanse aje aone. Akaona, akarudi kitini kwake, akaendelea kufunga virago.

Na bado nikaenda kwenye keki. Sijui kwa nini. Mtu ukishakuwa kondoo unafuata kundi.

Nilikuwa na kipande mdomoni simu yangu ilipotetema. Shangazi, ujumbe wa sauti. Nikatoka kwenye ngazi nikausikiliza. Nauandika hapa kama alivyousema, maana sitaki kuja kuupunguza makali kichwani mwangu:

"Mwanangu, leo nimekupigia kazini. Ile ya pili nayo kioo kimezima, na hapa vijana wa maombi ya chuo wamejaa. Nikaweka sauti kubwa wasikie kwamba nina mtu huko. Ukaniuliza habari za nyumbani, nikakueleza zote. Ukanitakia siku njema, ukakata. Nikasema labda bosi wake kasimama pembeni. Nikapiga tena, ukasema yaleyale. Vijana wakacheka, wakasema Shangazi unaongea na mashine. Wala sikujali. Na hiyo mara ya pili nimekuitikia vilevile, maana sauti ni yako. Ukipata nafasi niambie nifanyeje."

Hakujali! Namjua. Huyu ni mwanamke asiyetoka mlangoni bila kunyoosha mtandio. Amejali.

Nikarudi ndani, nikaenda moja kwa moja kwa Bronwyn, kisahani bado mkononi. Nikamwambia aitoe sauti yangu kwenye ile laini, leo, sasa hivi. Akaniambia kwa upole kwamba haiwezekani. Niliridhia mwenyewe, sauti ile sasa ni mali ya kampuni, na itakaa pale mpaka laini izimwe. Nikamwambia watu wanaijibu. Nikamwambia kuna mama yangu ameijibu mara mbili mbele ya wateja wake, duka lake limebakiwa na kompyuta moja. Akaniwekea mkono begani.

"Unaona ilivyo nzuri?" akasema. "Ukiisikiliza unaamini kweli kuna mtu anajali."

Alikuwa anatabasamu, na meno yake yote yalikuwa ya buluu.

Sikumtukana. Nimejilaumu njia nzima kwa kutomtukana. Watu wa Tanga tuna maneno, na leo yote yalinikimbia. Niliweka kile kisahani juu ya meza yake, juu ya makaratasi yake, keki chini kisahani juu, nikachukua koti langu nikatoka. Mlinzi wa getini aliniona uso akasema eish tu, akanifungulia.

Esperanse akanikuta nje. Nikamchezeshea ujumbe wa Shangazi. Alikuwa na haki ya kusema "nilikwambia", na hakusema. Tuliposhuka mjini akanunua magwinya, maandazi ya huku, ya moto kwa mama mmoja wa pembeni ya robot, taa za barabarani, tukala tumesimama, tumeupa upepo mgongo. Hata magwinya hayakuitoa ile ladha.

Sasa hivi, kabla ya kuandika haya, nimeipiga ile namba.

Ikaita kidogo tu. Nikaisikia sauti yangu, changamfu, kama ya mtu aliyelala vizuri na kuamkia chai. "Hujambo? Habari za nyumbani?" Halafu kile kimya. Kirefu kuliko nilivyodhani. Kinangoja kweli.

Nyumbani kuna mama mtu mzima amebaki na kompyuta moja, ile nzito ya zamani, na foleni ya vijana waliomcheka. Hizo ndizo habari. Nilifungua mdomo na sikuitikia. Yeye, mashine, aliitikiwa na Shangazi mara mbili, na mimi mwenye sauti nimeshindwa mara moja. Ikanitakia siku njema, ikanikatia.

Nimeona kinyaa na koo langu mwenyewe.

Kesho asubuhi nitampigia Shangazi kwa namba yangu, si kumtumia ujumbe. Nitamuuliza habari za nyumbani na nitazisikiliza zote, hata kama ni za kuku wa jirani. Najua ataniitikia kwa furaha, hatanionyesha kitu. Halafu atanyamaza aningoje, na safari hii nitakuwepo.

Nitamwambia nini?